Watoto wa Bwawa la Argiro

Montreal, 3 Machi 2002

Mjomba Isidoro,

Shikamoo. Mama yuko jikoni, anakusalimu na anasema upunguze sigara.

Nina habari mbili na maombi mawili. Habari ya kwanza umeijua kabla yangu: Argiro imeuzwa. Mama aliposikia alilia mpaka maharage yakaungua. Meli tatu za babu, na hii ya mwisho inakwenda kukatwa vipande Uturuki, hapo ng'ambo tu ya kisiwa chetu, kama mbuzi anayechinjwa kwa jirani ili watoto wasione.

Habari ya pili: naolewa! Ndiyo, mimi. Mchumba ni Mgiriki wa kwetu, wa hapo hapo kisiwani Hios, tumekutana huku ugenini. Jina silitaji. Nataka ushangae.

Ombi la kwanza: harusi iwe juu ya sitaha ya Argiro kabla hawajaichukua, Jumapili inayofuata Pasaka. Ongea na hao wanunuzi, wewe unaweza kuongea na jiwe likakujibu. Ombi la pili: niandikie habari za meli zetu tangu mwanzo, nitazisoma mbele ya wageni. Lakini nakuomba kwa mapenzi yote, Mjomba, za kweli tu. Hasa ile ya watoto waliobatizwa kwenye bwawa la kuogelea. Ilitokea hivyo unavyoisimulia, au ni katika zile zako?

Mpwa wako na mtoto wako wa ubatizo,
Markela


Hios, 20 Machi 2002

Markela, kipenzi cha meli tatu,

Marahaba! Unaolewa! Barua nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimewanunulia kahawa wote waliokuwa mkahawani kwa Zanis, hata wale ambao hatusalimiani nao tangu uchaguzi. Mchumba wako usimtaje, sawa, nitamjua kwa mwendo tu akishuka bandarini. Watu wa kisiwa hiki nawajua kwa visigino.

Sasa, "zile zako" maana yake nini? Mimi shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa hajui bahari, lakini uongo sijausomea popote. Haya, andaa kikombe.

Babu yako, Kapteni Leonis Vurnas, alianza na Kaliroi. Aliinunua kwa Wadenmaki, na kazi yake huko ilikuwa kubeba ng'ombe. Tuliisugua kwa sabuni, kwa siki, kwa ndimu, tukaipaka rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Harufu ya zizi haikutoka hata nusu. Safari ya kwanza tunakwenda Krete, bibi mmoja wa Kimarekani akaniita, "Afisa, mbona meli inanuka ng'ombe?" Mimi kazi yangu ilikuwa kukaribisha wageni, lakini sare nyeupe nilikuwa nayo na mistari ya dhahabu nilijishonea mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, tunaikaribia Krete. Lile jitu la kale lenye kichwa cha fahali liliishi pale, na leo upepo unatoka huko." Bibi akafumba macho akavuta pumzi. Mwaka uliofuata akarudi na dada zake waje kunusa!

Ikaja Stamatia, nyembamba kama sindano. Ilipopita kwenye mfereji wa Korinto, kingo ziko karibu kuguswa, mimi nilikuwa nachuma tini kwa dirisha la kulia, na mpishi anachuma malimau kwa dirisha la kushoto. Wajerumani walilipa nauli mara mbili ili wapewe upande wa tini.

Halafu Argiro. Jina la bibi yako, nyeupe kama keki ya harusi, taa kila dirisha, bendi yenye tarumbeta tatu, na bwawa la kuogelea juu kabisa. Siku ilipoingia bandarini hapa kwa mara ya kwanza kengele za makanisa zilipigwa mpaka moja ikapata ufa. Nenda kaitazame, ufa upo.

Na sasa bwawa. Wewe umekulia ugenini, kwa hiyo sikiliza. Kwetu mwenye meli hawafungi mabaharia wake kwa mikataba, anawabatizia watoto. Ukimtoa majini mtoto wa mtu, mmekuwa ndugu, na ndugu hakuachi bandarini kwa sababu kampuni nyingine inalisha nyama nyingi zaidi. Lakini kuna mtego, na wenye akili wanaujua: watoto waliotolewa majini na mkono mmoja ni kaka na dada mbele ya Mungu, hawaoani. Tajiri mmoja wa kijiji cha pili alibatiza wavulana na wasichana ovyo ovyo, na vijana wote wa pale ikabidi wakatafute wachumba bara. Hata leo wanapika kama watu wa bara.

Kwa hiyo babu yako akasema, "Isidoro, wavulana nashika mimi, wasichana shika wewe. Tusimfungie mtu mlango." Kiangazi cha sabini na saba, katikati ya bahari, watoto wa mabaharia wote siku moja! Mama zenu walikuwa chini kwenye ukumbi wa chakula, maana desturi inataka mama angoje mbali mpaka watoto wengine wakimbie kumletea jina alilopewa mwanawe. Baba zenu walikuwa kwenye injini na jikoni. Walioshuhudia ni Wamarekani tu, na nusu yao walikuwa bado wanaogelea upande wa pili. Mmoja alibatizwa bila kuomba.

Wewe ulikuwa wa kwanza mikononi mwangu, ukalia mpaka honi ikaona haya. Ikaja wimbi moja, Padri Gavriil akapepesuka, miwani yake ikazama. Tukaendelea. Amebaki mvulana mmoja, wa mwisho, na papo hapo babu akaitwa kwenye usukani, upepo umegeuka. Mtoto keshavuliwa nguo, keshapakwa mafuta, anatetemeka. Nani amshike? Mimi! Akaniponyoka kama pweza, nikapiga mbizi na sare yangu, nikamdaka mguu wa kushoto, na mguu huo una vidole viwili vimeungana kama vya bata. Mtoto wa Fotis mpishi. Nikamwinua juu na watalii wakapiga makofi.

Kwa hiyo hilo ndilo nalisema kila siku na nitalisema mpaka nifunikwe udongo: kisiwa chote hiki, mtu aliyeshika wasichana NA mvulana siku moja, amelowa mpaka kwenye nyusi, ni Isidoro Vurnas. Mkahawani wananicheka, wanasema Kapteni alimaliza mwenyewe. Markela, katika yote niliyowahi kusema, hili unaweza kulitandika kama godoro ukalilalia. Lisome mbele ya wageni, kwa sauti!

Kuanguka kwetu sipendi kukuandikia. Vita vya Ghuba vilipoanza Wamarekani waliogopa maji yote ya dunia. Kaliroi ikauzwa. Stamatia ikaungua bandarini, hakuna aliyekufa, piano niliitoa nimeibeba mgongoni. Kisha yakaja mameli ya kutoka Miami, marefu kama mtaa, yana maduka ndani. Babu yako aliyaona yakipita akasema, "Hizo si meli. Ni maghorofa yamepotea njia." Akafa majira ya baridi hayo. Na tangu mambo ya Septemba iliyopita kule New York, watalii hawapandi hata ngazi za nyumbani kwao.

Lakini tusilie! Nimeongea na wanunuzi. Wamesema, "Harusi? Basi ingoje harusi, na sisi tualikeni."

Baba yako wa ubatizo, mwenye furaha ya kupasua vifungo,
Isidoro Vurnas


Montreal, 2 Aprili 2002

Mjomba,

Barua yako nimeisomea jikoni mbele ya Mama, kwa sauti, tukicheka. Nilipofika kwenye mguu nikaikunja. Mama akasema, "Endelea." Nikampa asome mwenyewe.

Mchumba wangu ni Sarandis. Sarandis wa Fotis mpishi. Mguu huo naujua.

Tulifikiri kila mvulana wa siku ile alishikwa na babu, kama ilivyopangwa. Fotis amekwisha kupeleka vyeti vyetu kwa Padri Gavriil. Padri amejibu kwamba atakuuliza wewe, kwa kuwa babu hayupo.

Najua ni kweli. Vidole vile hakuna ambaye angeweza kuvitunga. Lakini, Mjomba, tangu nizaliwe nimekuombea uache kudanganya, na juzi kwa mara ya kwanza nilipiga magoti nikaomba uwe umedanganya.

Sikuombi chochote. Nilitaka tu uyasikie kutoka kwangu kabla ya Padri.

Markela


Hios, 15 Aprili 2002

Binti yangu Markela,

Amani iwe kwako. Mimi si mwandishi wa barua, nitasema yaliyotokea basi.

Kwenye vyeti vyote vya siku ile, mahali pa baba wa ubatizo, niliandika neno moja tu: Vurnas. Miwani yangu ilikuwa chini ya maji na mawimbi yalikuwa yamenilevya, nilitaka kumaliza. Kumbe nimewawekea fumbo. Ikiwa Sarandis alishikwa na Kapteni Leonis, nitawavisha mataji ya ndoa kesho. Ikiwa alishikwa na Isidoro, siwezi, wala Askofu hatanielewa.

Jana baada ya ibada nikaenda kwa Zanis. Mjomba wako alikuwa kwenye meza yake, na mkahawa ulijaa. Nikamuuliza mbele ya wote, ili pasiwe na maneno baadaye.

"Isidoro, yule mtoto wa mwisho, wa Fotis, alishikwa na nani?"

Mkahawa mzima ukamjibia, maana wimbo wanaujua: "Na mimiii! Nimelowa mpaka kwenye nyusi!"

Hakucheka. Alizima sigara yake, ilikuwa bado ndefu.

"Na baba yangu," akasema.

Zanis akaweka trei chini. "Nani?"

"Kapteni. Wavulana wote aliwashika yeye. Mimi sikushika mvulana hata wa dawa."

"Acha wee! Sasa miaka yote hii?"

"Miaka yote hii nawapaka asali masikioni. Mmefurahi?"

"Na kupiga mbizi na sare?"

"Sare ilikuwa kwa dobi."

"Na mguu wa bata?"

"Fotis aliwahi kunionyesha mtoto akiwa anaogeshwa. Nilichonga hadithi juu yake."

Hapo, binti yangu, walicheka mpaka kikombe kimoja kikavunjika. Mmoja akauliza, "Na piano mgongoni?" Mwingine, "Tini za Korinto je?" Zanis akasema, "Kuanzia leo Isidoro akiniambia mvua inanyesha, naanika nguo." Mjomba wako akavumilia yote kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

Nikamwambia, "Utayasema hayo mbele ya picha takatifu kanisani?"

Akaniangalia. "Padri, umeuliza, nimejibu. Unataka jibu la pili?"

Sikulitaka.

Mimi ni mzee. Siku ile macho sikuwa nayo, masikio nilikuwa nayo. Niliyoyasikia nitamweleza Mungu akiniuliza, na mpaka leo hajaniuliza. Leteni mishumaa miwili mirefu na mataji. Nitawaozesha Jumapili ya Tomaso, hiyo inayofuata Pasaka, saa kumi jioni, kama bahari itakuwa tulivu. Isipokuwa tulivu, mtanifunga kwenye mlingoti.

Padri Gavriil


Hios, 17 Aprili 2002

Markela mwanangu,

Kazi imepamba moto! Argiro inang'aa mpaka shakwe wanavaa miwani ya jua. Mabaharia wa zamani wanashuka kila feri inapofika, wengine na vitambi, wengine na fimbo. Msimamizi wa injini kaja kutoka Pirea na suruali yake ya kazi ileile, kaingia chini bila kusalimia mtu, na jioni injini ikakohoa, ikaamka! Fotis amelishika jiko lake kama mfalme aliyerudishiwa kiti. Ananifokea, "Wewe mwongo, toka, usinimwagie mchuzi na hadithi zako!" Nami natoka, nikiwa na kipande cha nyama mfukoni.

Bwawa limekauka, lina ufa. Nimesema tulifagie, bendi tuiweke ndani yake, watu wachezee humo. Wacheza ngoma watakuwa hawaanguki majini na walevi hawatapotea.

Mambo mawili madogo. Kama uliniandikia mwanzoni mwa mwezi, barua hiyo haijafika. Posta yetu unaijua, punda ana kasi kuliko hiyo. Kwa hiyo lolote ulilosema humo sikulisoma, wala usihangaike kulirudia. La pili, ile barua yangu ndefu ya Machi usiisome mbele ya mtu. Itie jikoni, iwashie moto wa kahawa. Nilikuwa nimekunywa uzo, mkono ukajiandikia wenyewe.

Nasikia mchumba ni Sarandis wa Fotis. Nimeshangaa sana, kama ulivyotaka. Kijana mzuri. Baba yake anapika vizuri lakini ana mdomo mchafu.

Mjomba wako,
Isidoro


Montreal, 3 Juni 2002

Mjomba wangu,

Tumerudi salama, miguu bado inauma kwa kucheza. Watu wa huku wanaangalia picha na kuuliza, "Kwa nini mnacheza ndani ya shimo?" Sarandis anawajibu kwamba kwetu ndipo ndoa inapofukiwa ili isitoroke.

Nimefurahi kuliko nilivyojua mtu anaweza kufurahi. Padri akituzungusha mara tatu na mataji, huku ameshika nguzo kwa mkono mwingine! Mchele uliorushwa na wapishi, wakilenga macho! Honi ilipolia na mji mzima ukajibu kwa kengele, Mama alinikamata begani mpaka ikabaki alama.

Lakini kuna kitu nimekibeba mpaka huku. Zanis aliposimama na glasi akasema, "Kwa mwongo wetu mkuu, aliyetudanganya robo karne!" na watu wote wakapiga meza, wewe uliinua glasi ukanywa nao. Nikasimama niseme. Sarandis akanibana mkono. Wewe ukanitazama kutoka ng'ambo ya bwawa na kutikisa kichwa kidogo sana, kama unavyomkataza mtoto asiguse jiko.

Na kila nilipokukaribia nikushukuru ulisema, "Umekula lozi za sukari? Kula lozi." Nimekula lozi mpaka jino limevunjika, Mjomba. Hukunipa nafasi.

Basi sisemi. Mama anasema ulipanda Argiro kwenda nayo Uturuki, safari yake ya mwisho. Niambie ilikwendaje. Yote. Mimi nitaamini kila neno.

Markela
(na Sarandis, ambaye anakusalimu kwa neno moja, "baba", na hataki nieleze kwa nini)


Hios, 22 Juni 2002

Markela, na wewe kijana,

Marahaba, marahaba. Nimeyasoma ya mwisho mara nyingi kisha nikatoka nje kuvuta sigara, na leo sigara ilinitoa machozi, tumbaku ya siku hizi mbaya.

Sikia sasa. Wengi hufikiri meli ya kukatwa huvutwa taratibu kama maiti. Si hivyo! Huendeshwa. Huelekezwa ufukweni, kisha injini huachiwa nguvu zote, ijirushe yenyewe juu ya mchanga, mbali iwezekanavyo. Tuliondoka alfajiri. Tulikuwa wachache: msimamizi wa injini kutoka Pirea, Fotis jikoni bila cha kupika, na rubani wa Kituruki, mtu mpole mwenye masharubu, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilipewa kamba ya honi.

Tulipouona ufukwe wa Aliaga, Markela, ulikuwa umejaa meli zilizokatwa pua, zimejipanga kama ng'ombe wanaokunywa maji. Kati ya mbili palikuwa na nafasi. Rubani akaniuliza kwa ishara: tayari? Nikasema tayari, ingawa sikuwa. Akasukuma mkono wa injini mpaka mwisho.

Maisha yangu yote sijawahi kuihisi Argiro ikikimbia vile! Baba alikuwa haruhusu, kwa ajili ya mafuta na vikombe vya watalii. Ilitetemeka, ikainua pua, maji yakapasuka pande mbili, vioo vya baa vikaimba. Fotis akaja juu anakimbia, ameshika kofia yake ya mpishi, anapiga kelele, "Ipeleke! Mpeleke bibi yangu!" Mimi nimening'inia kwenye kamba, honi inalia bila kupumua. Wakata vyuma ufukweni walikuwa wakikimbia huku na huku, kisha wakasimama, wakavua kofia zao ngumu. Wanaona meli kila wiki, lakini hao walivua.

Ikagusa mchanga. Haikugonga, Markela. Ilipanda! Ilipanda kama mtu anayejirusha kitandani baada ya kazi ndefu. Sahani zote za Fotis zikashuka kwa pamoja, ukawa mlio mmoja kama makofi. Halafu msimamizi akazima injini. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile. Rubani akanipa sigara. Tukakaa kwenye ngazi, watatu sisi na yeye, hatuna lugha ya pamoja, tukacheka tu. Tulicheka kama watoto, naapa.

Nilirudi na feri ya jioni. Nikaingia kwa Zanis, nikaanza: "Jamani, leo..." Hakuna aliyegeuza hata shingo. Zanis akasema, "Andika, Isidoro, tutasoma tukistaafu." Fotis alikuwa nyuma yangu. Akafungua mdomo anitetee, akaniangalia usoni, akaufunga, akaagiza uzo mbili. Tangu siku hiyo haniiti mwongo. Hajasema kwa nini, nami sijamuuliza.

Kwa hiyo hadithi ninakuhamishia wewe. Hii ya Argiro ni kweli tupu, lakini mdomoni mwangu haina kazi tena, inageuka uongo kabla haijafika mezani. Wewe unaaminika. Ukizaa, wasimulie wanao: meli tatu, Kaliroi ya ng'ombe, Stamatia ya tini, na Argiro iliyokwenda kufa kwa mbio, kichwa juu. Wewe ukisema watasema ndiyo.

Na wakikuuliza nani alikuwa ameshika usukani siku hiyo, sema Mjomba Isidoro. Rubani ni Mturuki, hatajua. Hilo moja tu niachie.

Wenu,
Isidoro Vurnas